Kozi ya uandishi ya chuo kwa njia ya mtandao: wiki ya kwanza nianzie wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimepata nafasi ya kusoma chuo kwa njia ya mtandao, na kozi ya kwanza niliyopangiwa ni ya uandishi wa kitaaluma. Ni ya wiki 8. Mimi ni muuguzi, nafanya kazi kwa zamu, na mara ya mwisho kuandika insha nilikuwa bado shuleni. Jana nimeingia kwenye ukurasa wa kozi nikakuta silabasi ndefu, moduli, mijadala, kazi ya kujitambulisha, na kitu kinaitwa insha ya upimaji, maneno 500. Nikafunga kompyuta. Naanzia wapi? Na hiyo insha ya upimaji, nikiiandika vibaya si wataniondoa?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nianze na hilo la mwisho, maana nadhani ndilo lililokufungisha kompyuta. Ukishapangiwa kozi, insha ya upimaji kwa kawaida haimwondoi mtu. Imewekwa ili mwalimu ajue kila mwanafunzi yuko wapi kabla hajaanza kumfundisha, na mara nyingi haina alama kabisa au ina alama ndogo ya kushiriki tu. Silabasi yako itasema. Iandike mwenyewe, kwa muda waliokupa, bila kumpa mtu akurekebishie na bila kuipitisha kwenye programu yoyote. Ukiipeleka ikiwa imesafishwa na mkono wa mwingine, mwalimu atadhani aya zako hazina tatizo, atakupita kwenye somo la aya, na tatizo lenyewe litajitokeza wiki ya 4 kwenye kazi yenye alama kubwa. Makosa yako ya sasa ndiyo yatakayomwonyesha pa kukushika mkono.

Sasa jambo ambalo mengine yote nitakayosema yanalitegemea. Kozi ya uandishi haifundishi sana kwa mihadhara. Inafundisha kwa maoni unayopewa juu ya kile ulichokwisha kuandika. Ukiwa darasani na umenyamaza, mwalimu bado anauona uso wako, anaweza kukuuliza kulikoni. Mtandaoni, asiyeandika hayupo. Hakuna anayejua kama umeelewa, umekwama au umeacha. Kwa hiyo kazi yako ya wiki ya kwanza ni kufikisha maandishi yako mbele ya macho ya mtu mapema, hata kama ni mabovu. Wanafunzi ninaowaona wakishindwa kozi hizi, wengi wao wanajua kuandika vya kutosha. Wanasubiri wajisikie tayari, na katika kozi ya wiki 8 wiki mbili za kusubiri ni robo ya kozi.

Kabla ya kurudi kwenye silabasi, hesabu saa. Vyuo hupima ukubwa wa kozi kwa krediti. Vyuo vya Marekani huhesabu krediti moja kuwa saa moja ya kipindi pamoja na angalau saa mbili za kujisomea kila wiki, kwa muhula wa wiki kama 15. Kozi ya krediti 3 basi ni saa 9 kwa wiki, jumla saa 135. Kozi hiyohiyo ikibanwa iwe ya wiki 8, saa hazipungui. Zinakuwa karibu 17 kwa wiki. Uingereza krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, na mfumo wa ECTS unaotumika sehemu kubwa ya Ulaya huhesabu saa 25 hadi 30 kwa krediti moja. Angalia chuo chako kinatumia hesabu ipi, zidisha, gawanya kwa 8, kisha weka jibu pembeni ya ratiba yako ya zamu. Ukiona haliingii, zungumza na chuo wiki hii, wakati bado kuna nafasi ya kuhamia kozi ya muhula mzima. Wiki ya 5 watakuhurumia tu.

Kwa mtu wa zamu, nakushauri usihesabu saa kana kwamba zote zina uzito mmoja. Ukitoka zamu ya usiku usijaribu kuandika rasimu mpya. Saa hizo zitumie kupakua makala, kupanga marejeo, kusoma walichoandika wenzako. Rasimu iwekee saa ulizokwisha kulala, hata kama ni dakika 40 tu. Na ugawe kazi moja katika siku tofauti, kwa sababu andiko likikaa siku moja bila kuguswa, ukilirudia unaliona kama msomaji. Insha iliyoandikwa yote Jumapili moja haipati nafasi hiyo, na mwalimu anayesahihisha kila wiki huitambua kwa aya za mwisho zilizochoka.

Silabasi isome mara mbili. Mara ya kwanza yote, kama barua. Mara ya pili ukiwa na kalenda mkononi, unahamisha kila tarehe. Wakati huo tafuta majibu ya maswali haya: kila kazi ina uzito wa asilimia ngapi, ukichelewa unakatwa nini, rasimu ya kwanza ina alama au ni ya kupata maoni tu, unaruhusiwa kuirekebisha insha baada ya kupewa alama au la, mwalimu anapatikana kwa njia gani na hujibu baada ya muda gani. Hilo la kurekebisha baada ya alama wengi hawalioni, na ni zawadi. Kozi inayokuruhusu kurudisha insha iliyorekebishwa inakuambia waziwazi kwamba rasimu ya kwanza haitegemewi iwe nzuri.

Mijadala ya kila wiki pia isikudanganye kwa udogo wake. Chapisho moja linaonekana si kitu, lakini jumlisha ya wiki 8 uone yanafikia asilimia ngapi ya alama zote. Na mara nyingi mjadala una tarehe mbili: chapisho lako la kwanza katikati ya wiki, majibu kwa wenzako mwisho wa wiki. Anayeingia Jumapili peke yake ameshapoteza nusu ya kwanza.

Halafu saa zenyewe. Ukiandikiwa mwisho ni Jumapili 11:59 p.m., hiyo ni saa 5:59 usiku kwa saa ya chuo, ambayo huenda siyo ya kwako. Tuseme chuo kiko UTC−5, yaani saa 5 nyuma ya saa ya kimataifa (UTC), na wewe uko UTC+3, saa 3 mbele yake: tofauti ni saa 8, kwa hiyo kwako mwisho ni Jumatatu saa 1:59 asubuhi. Chuo kikiwa mashariki yako, mambo yanageuka. Cha UTC+8 kitafunga ikiwa kwako ni Jumapili saa 12:59 jioni, wakati wewe bado unahesabu una usiku mzima. Nchi zinazosogeza saa kwa majira zinaweza kubadilisha tofauti hiyo kwa saa moja katikati ya kozi. Na ukikuta 12:00 a.m. Jumapili, fahamu kwamba ni ule usiku wa manane unaoifungua Jumapili, yaani Jumamosi ukimaliza kula chakula cha jioni muda umekaribia kwisha. Moodle na Canvas, mifumo ambayo vyuo vingi huendeshea kozi za mtandaoni, zote zina sehemu kwenye wasifu wako ya kuchagua ukanda wa saa. Ukiiweka sawa, tarehe zitaonekana kwa saa yako. Fanya hivyo kabla hujafanya kitu kingine chochote humo ndani.

Kazi ya kujitambulisha ni fupi, na watu huipita haraka. Usiipite. Ndiyo maandishi yako ya kwanza mwalimu atakayoyasoma. Wengi huandika: "Naitwa fulani, ni mchapakazi, napenda kusoma na kusafiri, nafurahi kuwa pamoja nanyi." Hakuna kosa hapo, ila hakuna mtu anayeweza kujibu. Wewe, kwa yale uliyoniambia, ungeweza kuandika hivi:

"Mimi ni muuguzi. Kila mwisho wa zamu naandika ripoti ya makabidhiano, mistari michache ambayo mwenzangu lazima aielewe akiwa amesimama. Lakini nikiambiwa niandike kurasa tatu sijui nijaze nini. Katika kozi hii nataka kujifunza kurefusha hoja bila kurefusha maneno."

Sentensi hizo zimeshamwambia mwalimu unachokijua, kinachokusumbua na unachokitaka. Na zimekukumbusha na wewe jambo: unaandika kila siku. Ripoti ya makabidhiano inadai ukweli, mpangilio, na kutochanganya ulichokiona na unachokidhani. Mwandishi wa kitaaluma anadaiwa hayohayo. Unachokikosa ni namna ya kukiendeleza kitu kwa urefu, na hicho ndicho kozi imewekwa kufundisha.

Ukijibu wenzako, achana na "nakubaliana nawe, umeeleza vizuri". Chukua sentensi moja ya mwenzako, inukuu, sema imekufanya ufikiri nini, kisha uliza swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa ndiyo au hapana. Utapata alama, lakini zaidi ya alama utapata mazoezi: kila jibu la namna hiyo ni aya ndogo yenye chanzo, hoja na maelezo, na ukiandika mawili kwa wiki umefanya zoezi la aya mara nyingi kabla ya insha kubwa kufika.

Sasa tufike kwenye insha. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo tabia za shuleni zinapomrudisha mtu nyuma. Insha ya shuleni tuliyoizoea huanza kwa kufafanua neno, inakwenda kwenye historia, halafu faida, halafu hasara, na inafunga kwa kuwasihi wote washirikiane. Muundo huo unapima kama mwanafunzi anajua mambo mengi kuhusu mada. Chuo kinauliza kitu kingine: wewe unasema nini, na mimi nikuamini kwa sababu gani?

Anza na swali lenyewe. Lipigie mstari kitenzi. "Eleza" linataka msomaji aelewe kitu kinavyofanya kazi. "Changanua" linataka ukitenganishe kitu vipande na kuonyesha vinavyohusiana. "Linganisha" halijatimia mpaka useme ulinganisho umekufikisha wapi. "Tetea" linataka upande, na linataka pia umkabili mwenye upande mwingine. Nimesoma insha nzuri sana zilizopata alama ndogo kwa sababu zilieleza pale zilipoambiwa zitetee, na hakuna kinachoniuma kama kuona kazi ya mtu ikipotea kwa neno moja alilolisoma haraka.

Tuseme swali limekuruhusu kuchagua mada, na umechagua zamu za usiku. "Zamu za usiku zina faida na hasara zake" ni kichwa cha habari tu. Hakuna atakayekupinga, kwa hiyo hakuna cha kuthibitisha. Jaribu hivi: "Ratiba inayomchanganyia muuguzi mchana na usiku ndani ya wiki moja inamchosha kuliko ratiba inayompa usiku mfululizo, na wodi inayojali wagonjwa ingeipanga upya hata kama itapunguza uhuru wa kubadilishana zamu." Hapo kuna mtu atakayesema hapana. Msimamizi atasema kubadilishana zamu ndiko kunakowafanya wauguzi wabaki kazini. Hiyo ndiyo hoja kuu: dai linaloweza kupingwa, lenye sababu ndani yake. Tena iweke kwa muda. Ukisoma ukakuta ushahidi unakwenda kinyume, ibadilishe. Mwalimu akiona hoja yako imebadilika kati ya rasimu ya kwanza na ya pili anajua umesoma.

Tazama na aya kwa karibu. Hii ni aya ya namna ninayoipokea kila muhula:

"Zamu za usiku zina madhara mengi kwa wauguzi. Madhara hayo ni kama vile uchovu, kukosa usingizi na kukosa muda na familia. Hivyo basi serikali na wadau wote hawana budi kuliangalia suala hili kwa jicho la pekee."

Ina mambo matatu na hakuna hata moja lililoelezwa, kisha inakimbilia kwa wadau. Chukua moja tu, uchovu, uliweke wodini:

"Uchovu wa muuguzi wa usiku huonekana kwanza kwenye kazi ndogo. Ifikapo saa kumi alfajiri, kuhesabu matone ya dripu, kazi anayoifanya mchana bila kusita, humlazimu kurudia. Hakosei, ila anachelewa. Na kwa kuwa anachelewa kidogo kwa kila kitanda, ni kitanda cha mwisho kinachosubiri zaidi. Ratiba inayompa idadi ileile ya wagonjwa usiku na mchana haijazihesabu dakika hizo."

Sentensi ya kwanza imetoa dai dogo. Za katikati zimeleta kitu kinachoonekana na zikaeleza kinaongoza wapi. Ya mwisho imeirudisha aya kwenye ratiba, yaani kwenye hoja kuu. Katika insha ya utafiti ungehitaji chanzo cha kuunga mkono dai la uchovu, kwa sababu uzoefu wako ni ushahidi wa mahali pamoja. Lakini muundo ni huo. Na unaona kwamba aya imerefuka bila kujazwa. Umeandika jambo moja badala ya matatu.

Rasimu ikiisha, usianze kusahihisha herufi. Kwanza pitia kila aya, andika pembeni inasema nini kwa maneno matano hivi. Aya usiyoweza kuiandikia hivyo ina mambo mawili, au haina lolote. Kisha soma hayo maneno ya pembeni peke yake, kutoka juu hadi chini, uone kama yanajenga hoja au yanarudi palepale. Hamisha, unganisha, futa. Tahajia na alama za uandishi ziache mpaka siku ya mwisho, maana hakuna faida ya kung'arisha sentensi utakayoifuta. Siku hiyo ya mwisho isome insha kwa sauti, au iache programu ya kuandikia ikusomee. Word inaweza kufanya hivyo. Sikio hukamata marudio ambayo jicho limeshayazoea.

Kama kozi inafundishwa kwa lugha ambayo si yako ya kwanza, panga mawazo kwa lugha yoyote inayokujia, hata uchanganye. Sentensi zenyewe ziandike moja kwa moja kwa lugha ya kozi, fupifupi. Anayeandika ukurasa mzima kwa lugha moja kisha akaugeuza sentensi kwa sentensi hufanya kazi mara mbili na hupata sentensi ndefu zisizo na mwenyewe.

Vyanzo. Uliza mapema ni mtindo gani wa marejeo unatumika. Kozi nyingi za uandishi hutumia MLA, ambao toleo lake la 9 lilitoka 2021. Fani za afya na sayansi ya jamii hutumia zaidi APA, toleo la 7 la 2019. Wewe kama unaendelea na masomo ya uuguzi, huenda ukafundishwa MLA sasa na kudaiwa APA muhula ujao, kwa hiyo elewa tofauti yao ya msingi: ndani ya maandishi APA inataka jina la mwandishi na mwaka, MLA inataka jina na ukurasa. Usikariri alama za nukta na mkato. Chuo Kikuu cha Purdue kina tovuti ya uandishi iitwayo Purdue OWL, ni ya bure, ina mifano ya mitindo yote miwili. Unachotakiwa kujizoesha ni kuandika chanzo saa ileile unapokisoma: mwandishi, mwaka, kichwa, ukurasa, kiungo. Kutafuta ukurasa usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha ndiko kunakowafanya watu wa kweli waonekane wezi.

Kuhusu wizi wa maandishi, wengi wanaoshtakiwa hawakukusudia. Walikuwa na makala wazi upande mmoja na insha upande wa pili, wakabadilisha neno hapa na pale. Hiyo bado ni sentensi ya mwenye makala, hata ukimtaja. Soma aya, ifunge, eleza kwa maneno yako kana kwamba unamwambia mwenzako wa zamu, ndipo uifungue ulinganishe na uweke rejea. Chuo chako kikitumia Turnitin au programu kama hiyo, utaona asilimia ya mfanano. Asilimia hiyo inaonyesha maneno yaliyofanana na maandishi mengine, na nukuu halali na orodha ya marejeo zinaweza kuhesabiwa humo. Mwalimu anafungua ripoti na kutazama kilichofanana ni nini. Usiharibu sentensi nzuri ili kushusha namba.

Na akili mnemba? Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, kozi nyingi zimejiwekea sera, na walimu wawili wa chuo kimoja wanaweza kuwa na sera tofauti. Soma ya kwako, na kama haipo, uliza kwa maandishi. Mimi msimamo wangu ni huu: katika kozi nyingine unaweza kubishana kuhusu matumizi yake, lakini katika kozi ya uandishi, kuiachia programu ikuandikie ni kulipa ada ili mashine ipate maoni ya mwalimu. Maoni yale yamekusudiwa kwako. Andika kwenye programu inayohifadhi historia ya mabadiliko, kama Google Docs, ili siku ukitiliwa shaka uweze kuonyesha insha ilivyokua kutoka mistari miwili.

Vifaa sitavikalia sana. Simu inatosha kusoma na kujibu mijadala. Insha iandike kwenye kompyuta, au tafuta kibodi. Usiandike chapisho moja kwa moja kwenye kisanduku cha kivinjari, kwani kikao kikifungwa maneno yanapotea; liandike pembeni, libandike. Wasilisha faili kwa aina waliyoomba, mara nyingi .docx au PDF. Ukishapakia, lifungue tena faili hapohapo ulipolipakia uhakikishe ndilo lenyewe na wala si rasimu ya juzi, kisha hifadhi picha ya skrini ya uthibitisho.

Maoni ya mwalimu yakija, usiishie kwenye alama. Mara nyingine yamefichwa nyuma ya kitufe au ndani ya faili lililorudishwa, na kuna wanafunzi wanaomaliza kozi bila kuyafungua. Yasome, yaache mpaka kesho yake, kisha chagua lile linalobadilisha insha nzima, ulishughulikie kabla ya yale ya sentensi mojamoja. "Kwa nini?" iliyoandikwa pembeni ya hoja yako kuu ina uzito kuliko makosa kumi ya mkato. Vyuo vingi vina pia kituo cha uandishi chenye washauri wanaokutana na wanafunzi kwa video au kwa maandishi, bila malipo ya ziada. Weka miadi mapema, na uende na swali mahususi: "aya ya tatu inatoka nje ya hoja?" litakupa zaidi kuliko "naomba mnipitie sarufi".

Na ukikwama, mwandikie mwalimu kabla tarehe haijapita. Kichwa cha barua pepe kiwe na jina la kozi na kazi husika. Mfano: "Mwalimu, niko katika kozi ya uandishi, kundi la pili. Swali la insha ya 1 linasema tuchanganue uamuzi mmoja wa kazini. Nimechagua ratiba ya zamu ya wodi yetu, na nimeambatisha aya ya kwanza. Sina uhakika kama hapa ninachanganua au ninalalamika. Nina zamu Alhamisi usiku, hivyo nitaendelea na rasimu Ijumaa jioni." Mwalimu anaweza kuijibu hiyo kwa mistari miwili akiwa hata hajafungua silabasi yake. Ile inayosema "Mwalimu, sijaelewa kitu" itamlazimu akuulize kwanza ni kazi ipi, umefika wapi na umekwama wapi, na kwa mwalimu anayejibu ndani ya saa 48, siku nne za kozi yako zitakuwa zimekwenda kabla hujapata jibu lenyewe.